Ndovu wa Bronzi na Deni la Mlima Kenya

Mwalimu wa sanaa katika shule zetu za Nyeri, Karatina, Nanyuki au Meru akitaka mfano wa msanii wa sanamu za wanyama, aghalabu hukimbilia Ulaya. Simlaumu, kwani ndivyo vitabu vilivyomlea. Hata hivyo, naona ajabu kwamba Carl Akeley, ambaye mlima wetu nusura umuue na ndio uliompa wazo kubwa la maisha yake, hatajwi madarasani. Nadai atajwe, tena kwa mema yake na kwa mabaya yake.

Alizaliwa tarehe 19 Mei, 1864, huko Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Angali kijana aliajiriwa mjini Rochester katika karakana iliyoandaa wanyama waliokufa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Kazi yenyewe ilikuwa duni: ngozi ilijazwa majani makavu, ikashonwa kama gunia la viazi. Mwaka 1885 treni ilimgonga na kumuua Jumbo, ndovu mashuhuri wa sarakasi, huko Kanada, na Akeley akawa mmoja wa waliomtengeneza. Baadaye, alipofanya kazi Milwaukee na kisha Chicago, aliiacha njia ya majani. Alimpima mnyama kiungo kwa kiungo, akachunguza mifupa na misuli, akamfinyanga kwa udongo katika ukubwa wake halisi, akatoa kalibu ya plasta, na humo akapata umbo jepesi la kuvikwa ngozi. Kwa hiyo alikuwa mchongaji miaka mingi kabla ya kugusa bronzi.

Alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1905. Katika safari hiyo alijiunga naye kijana wa Kikuyu wa miaka kama 13, Wimbia Gikungu, ambaye Wazungu walimbandika jina la Bill. Kijana huyo alianza kama mtumishi, akaishia kuwa mfuatiliaji hodari wa nyayo za ndovu. Mchongaji wa wanyama hawezi kuchonga asichokijua, na mengi ambayo Akeley aliyajua juu ya ndovu wa nchi hii aliyapata akitembea nyuma ya watu wa aina ya Gikungu. Sijaona kitabu cha shule kinachosema hivyo.

Alirudi mwaka 1909 kwa niaba ya makumbusho ya New York. Mwaka 1910, katika mianzi yenye ukungu ya Mlima Kenya, ndovu dume alimtokea kwa nyuma. Kifunga usalama cha bunduki kilikataa kufunguka. Akeley alizidaka pembe mbili kwa mikono yake, akaanguka chali kati yake, na mkonga ukamgandamiza kifua. Kilichomwokoa ni kwamba pembe zilipozama ardhini zilikutana na kitu kigumu, zikasita. Ndovu naye akamwacha, akawakimbiza wapagazi. Pua ilivunjika, mbavu zilivunjika, shavu likachanika. Wapagazi walimdhania maiti, wakawasha moto, wakajitenga naye. Wako wasimulizi wa Kizungu waliowacheka kwa hilo. Anayejua miiko ya Wakikuyu wa enzi hizo juu ya kugusa maiti hatacheka. Mkewe, Delia, alipopata habari aliupenya msitu hata akamfikia, na daktari wa misheni ya Kiskoti akaitwa kumtibu.

Kupona kulichukua miezi. Akiwa kitandani ndipo alipolipata wazo la ukumbi mkubwa wa wanyama wa Afrika mjini New York, na katikati yake kundi la ndovu. Ukumbi ulihitaji fedha na wenye fedha hawakuwa wamewahi kumwona ndovu ila ndani ya kizimba. Basi Akeley akaanza kusimulia kwa bronzi. Sanamu yake ya mwaka 1913 inaonyesha ndovu wawili wakimwegemeza mwenzao aliyejeruhiwa ili asianguke. Alikuwa anakaribia miaka 50. Baadaye alichonga pia wanaume wa Kinandi wakimkabili simba kwa mikuki.

Bronzi, msomaji, ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Fundi hutwaa umbo la udongo, akalitolea kalibu, akamimina nta humo, akaifunika nta hiyo kwa mchanganyiko unaostahimili moto. Tanuri likiwaka nta huyeyuka ikatoka, na madini ya moto wa nyuzi elfu na zaidi huchukua nafasi yake. Chochote kilichokuwa katika nta, hata alama ya kidole, hubaki katika madini. Kisha sanamu hupigwa tupa, hupashwa moto na kupakwa dawa ili ipate rangi, halafu hupakwa nta. Utunzaji wake ni mwepesi: kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu na kuipaka nta tena mara kwa mara. Wanaosugua bronzi kwa majivu na ndimu ili ing'ae wanaiondolea ngozi yake. Nimeona kikombe cha michezo kilichosuguliwa hivyo hata simba wake akapoteza manyoya.

Sasa mabaya yake. Akeley aliua ili achonge, na aliua wengi. Mwaka 1921 aliwapiga risasi sokwe wa milima ya Virunga, nchini Kongo, na hapo moyo wake ukaanza kumsuta. Alirudi akishawishi wakubwa hadi mfalme wa Ubelgiji, na mwaka 1925 ikaanzishwa huko mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwanafunzi akiuliza kama toba hiyo inatosha, mwalimu asikimbilie kumjibu. Mimi naona haitoshi kwa ndovu wa Mlima Kenya, ambao hakuwaombea hifadhi yoyote.

Alifariki Novemba 1926 kwenye mteremko wa Mlima Mikeno, akazikwa hukohuko. Ukumbi wake ulifunguliwa mwaka 1936, ukabeba jina lake. Ndani yake wamo bongo wa milima ya Aberdare, wamesimama katika mianzi isiyonyauka. Mianzi yetu ilikuja kukosa wanyama hao kiasi kwamba mwaka 2004 bongo 18 waliletwa Nanyuki kutoka bustani za wanyama za Marekani ili wazaane upya. Watoto wetu wanaweza kwenda kuwatazama, wakiwa na daftari na penseli, na kurudi darasani wakawafinyange kwa udongo wa mtoni. Na atakayetaka kumchonga mtu badala ya mnyama, bado hakuna aliyemchonga Wimbia Gikungu.