Bomani na akiba ya mkulima wa pamba

Benki ikiyumba au bei za hisa zikiporomoka, mwenye akiba hujiuliza fedha zake zimeshikwa na nani. Wakulima wa pamba wa Bariadi, wakati huo ikiwa ndani ya wilaya ya Maswa, walijiuliza hivyo kabla hata hawajawa na kitabu cha benki.

Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuwahi kuwa karani katika mgodi wa Mwadui, alianzia kwenye mizani. Wanunuzi walikuwa wakipunja uzito. Yeye na wenzake wakaweka wapimaji wao, mkulima akajua pamba yake ina ratili ngapi kabla mnunuzi hajaigusa. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililojenga imani. Mwaka 1955 vyama viliungana kuwa VFCU, Bomani akiwa meneja mkuu. Viwanda vya kuchambua pamba vikafuata, kwa mikopo na makato ya mauzo ya wakulima. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yao.

Bomani akaenda serikalini, akawa Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965. Huku nyuma, usimamizi wa ushirika ulilegea na wanachama wakalalamikia makato. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu, viwanda vikachukuliwa na Mamlaka ya Pamba. Wenye mali hawakuulizwa. Bomani alikuwa balozi Marekani.

Sheria ya 1982 ilirudisha vyama, Bariadi ikawa chini ya SHIRECU. Bomani alifariki mwaka 2005.