Carey Francis: Mwalimu wa hesabu aliyefunza nidhamu ya moyo uwanjani

Mwaka wa 1962, Waingereza wengi nchini walipokuwa wakifungasha virago kabla ya uhuru, mwalimu mkuu wa Shule ya Upili ya Alliance alistaafu. Badala ya kurejea kwao, alihamia Nairobi na kuanza upya akiwa mwalimu wa kawaida katika shule ya upili ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Huyo alikuwa Edward Carey Francis.

Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alisomea hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge na hatimaye akawa mhadhiri huko. Mnamo 1928 aliiacha kazi hiyo ya heshima, akaja Maseno kama mmishonari. Miongoni mwa wanafunzi wake huko alikuwemo Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka wa 1940 alihamia Alliance, iliyofunguliwa mjini Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, mwaka wa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti.

Kwa Francis, kabumbu ilikuwa somo sawa na hesabu. Aliamini kwamba mpinzani wa kwanza wa mchezaji ni moyo wake mwenyewe: hasira anapochezewa vibaya, kiburi anaposhinda na uchungu anaposhindwa. Wakati huo elimu ya saikolojia ya michezo haikuwa imefika kwetu, lakini hilo ndilo alilolifunza. Vijana wa Alliance walitoka makabila mbalimbali, na timu moja iliwalazimu Mluo, Mkikuyu na Mtaita kutegemeana.

Somo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu Kenya ya wakati huo iligawanywa kwa rangi. Upande huo huo wa magharibi mwa jiji kulikuwa na shule za Prince of Wales na Duke of York, zilizotengewa wavulana wa Kizungu. Uwanja wa michezo ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana Mwafrika aliweza kukabiliana na mwana wa setla kwa kanuni zile zile. Kipenga cha mwisho kilipolia, kila mmoja alirudi katika upande wake wa ubaguzi.

Hapo ndipo mafunzo ya Francis yalipofikia kikomo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejiunga na Alliance mwaka wa 1955, ameandika jinsi alivyorudi nyumbani Limuru baada ya muhula wake wa kwanza na kukuta kijiji chao kimebomolewa. Kumtaka kijana wa aina hiyo atulize moyo ni jambo moja. Kumtendea haki ni jingine. Francis aliyashutumu Mau Mau, na vilevile alilalamikia ukatili wa vikosi vya serikali. Hata hivyo, aliamini kuwa Mwafrika alihitaji kuandaliwa kwa subira na Mzungu mwema. Wengi wa wanafunzi wake waliikataa imani hiyo, ingawa waliichukua nidhamu yake na kuitumia kudai uhuru. Baadhi yao waliingia katika baraza la mawaziri la kwanza.

Francis alifariki mwaka wa 1966, angali mwalimu.

Leo Prince of Wales ni Nairobi School na Duke of York ni Lenana, na milango yake i wazi kwa watoto wa kila rangi. Mjini Kikuyu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi inayofunza walimu, na elimu ya michezo ni miongoni mwa masomo yake. Kocha chipukizi anayejifunza huko kutuliza moyo wa mchezaji ana la kujifunza pia kutokana na maisha ya jirani huyo wa zamani: kwanza aulize ni nini kilichoutia moyo huo uchungu.