Mary Vaux Walcott
Mary Vaux Walcott (31 Julai 1860 – 22 Agosti 1940) alikuwa mchoraji na mpigapicha kutoka Marekani, anayejulikana hasa kwa michoro yake ya maua ya porini ya Amerika ya Kaskazini.

Alizaliwa Philadelphia katika familia ya madhehebu ya Quaker. Mama yake alipofariki mwaka 1880, yeye, binti pekee, alibaki kumtunza baba na wadogo zake wawili.

Nafuu yake ilikuwa safari za kiangazi katika milima ya magharibi mwa Kanada. Huko yeye na wadogo zake walipiga picha barafuto na kupima jinsi zilivyokuwa zikirudi nyuma. Mwaka 1900 alifika kilele cha Mlima Stephen (mita 3,199). Katika safari mojawapo, mtaalamu wa mimea alimwomba amchoree ua adimu la arnika. Ombi hilo dogo lilimpa kazi ya maisha yake yote.

Mwaka 1914 aliolewa na Charles Doolittle Walcott, katibu wa Taasisi ya Smithsonian, ingawa baba yake hakuafiki. Mume alichimba visukuku milimani, na mke alitafuta maua na kuyachora kwa rangi za maji kabla hayajanyauka.

Hakuwa mwanabotania wa kusomea. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1925 Smithsonian ilichapisha michoro yake 400 katika juzuu 5 za "North American Wild Flowers", pamoja na majina ya kisayansi na maelezo ya kila mmea.

Alifariki St. Andrews, Kanada.