Pío del Río Hortega, Mhispania aliyefukuzwa maabara baada ya kugundua walinzi wa ubongo

Alipofariki Buenos Aires, Argentina, tarehe 1 mwezi wa sita mwaka 1945, Pío del Río Hortega alikuwa mkimbizi. Jina lake lilikuwa limependekezwa kwa tuzo ya Nobel mwaka 1929 na tena 1937, lakini hakuipata.

Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa tano 1882 huko Portillo, mji mdogo wa Uhispania karibu na Valladolid. Alisomea udaktari, akatibu watu wa kwao kwa muda mfupi, kisha akaacha wagonjwa na kufuata darubini. Huko Madrid alifundishwa na Nicolás Achúcarro, aliyekufa mapema mwaka 1918.

Mkubwa wa wote pale alikuwa Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Nobel wa 1906. Cajal aliona ndani ya ubongo seli ndogo ambazo si neva wala astrosaiti, akaziita elementi ya tatu. Rangi alizotumia hazikuonyesha matawi ya seli hizo. Del Río Hortega akatengeneza rangi yake kwa kaboneti ya madini ya fedha, na matawi yakaonekana. Mwaka 1919 akatangaza kwamba kundi hilo lina seli za aina mbili. Za kwanza ni maikroglia: ubongo ukiumia hubadilika umbo, husogea na kula mabaki. Za pili aliziita oligodendroglia, akazieleza mwaka 1921.

Kumsahihisha mzee mbele ya watu kuna gharama yake. Cajal hakukubali, fitina za maabara zikaongeza moto, na mwaka 1920 kijana akafukuzwa. Akaendelea na kazi kwingine mjini Madrid, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 vilipomtoa nchini. Alipitia Paris na Oxford, na mwaka 1940 akafika Argentina.

Swali lake sasa limehamia hospitali. Ili kutazama maikroglia za mtu aliye hai, madaktari humdunga dawa yenye mionzi kidogo, kama PK11195, inayonata kwenye protini iitwayo TSPO, kisha mashine ya PET hupima mionzi hiyo. Maikroglia zikichokozwa, TSPO huongezeka. Shida ni kwamba protini hiyo imo pia katika astrosaiti na kuta za mishipa ya damu. Tena, dawa nyingi mpya za aina hii hunata sana kwa watu fulani na kidogo kwa wengine, kwa sababu ya tofauti moja tu ya kurithi. Kwa hiyo picha inayong'aa haitoshi kuthibitisha kwamba maikroglia ndizo zinazopigana. Del Río Hortega aliiona seli yenyewe. Mashine huona tu mahali dawa iliponata.

Mwaka 1986 mabaki yake yalirudishwa Valladolid.