Dakika ya kwanza ya mtoto: kumbukumbu ya Daktari Virginia Apgar



Kifungua mimba wangu alipozaliwa, nilipewa kitabu cha kliniki nikakifungua nje ya wadi. Uzito niliuelewa. Chini yake paliandikwa 8/1, kisha 9/5. Nikadhani ni tarehe, Januari 8 na Mei 9. Nesi mmoja mtu mzima alicheka kidogo, akanieleza kwamba mtoto amepata alama 8 dakika ya kwanza na 9 dakika ya tano. Pembeni paliandikwa neno Apgar. Nikadhani hilo ndilo jina la mtihani. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa ni jina la mtu, tena mwanamke.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 mjini Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Nyumbani kwao ugonjwa haukuwa mgeni, kwani kaka yake mmoja alifariki kwa kifua kikuu na mwengine aliishi na maradhi ya muda mrefu. Alisoma elimu ya wanyama katika chuo cha Mount Holyoke hadi 1929, kisha akaingia skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alimaliza 1933 akiwa wa nne darasani.

Alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mkuu wake, Allen Whipple, akamshauri aachane na azma hiyo, kwa kuwa alishaona wanawake wengine aliowafunza wakikosa riziki katika kazi hiyo. Akamwelekeza kwenye nusu kaputi, kazi ambayo zama zile ilifanywa zaidi na manesi na madaktari wengi hawakuipa uzito. Bi Virginia hakususa. Alijifunza, na 1938 akarudi Columbia kuongoza kitengo hicho. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupata uprofesa kamili katika skuli ile ya udaktari. Lakini kitengo alichokijenga kilipopandishwa kuwa idara kamili, ukuu wa idara alipewa mwanamume.

Hapo ndipo alipogeukia wadi ya wazazi. Aliona kwamba mtoto aliyezaliwa amelegea, hapumui vizuri, mara nyingi aliwekwa kando akihesabiwa kuwa hataishi. Hapakuwa na kipimo cha kumtofautisha mtoto anayeweza kuokolewa.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, kwenye mkahawa wa hospitali, mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga atapimwaje hali yake. Akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za viungo, mtoto anavyoitikia akichokozwa, na rangi ya mwili. Kila moja lina alama 0, 1 au 2, na jumla ni 10. Moyo ukipiga mara 100 au zaidi kwa dakika, hizo ni alama 2. Usipopiga kabisa, ni 0. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, rangi hutazamwa midomoni, ulimini na kwenye viganja na nyayo. Kazi hii haihitaji mashine kubwa, inahitaji macho, masikio, mikono na saa.

Aliiwasilisha 1952, ikachapishwa 1953. Kupima tena dakika ya tano kulikuja baadaye. Kwa kipimo hicho hicho aligundua kuwa aina moja ya gesi ya nusu kaputi waliyopewa akina mama ilikuwa ikiwadhoofisha watoto, akaacha kuitumia. Mwaka 1959 alipata shahada ya afya ya jamii Johns Hopkins, akajiunga na shirika la March of Dimes kutetea watoto wanaozaliwa na kasoro. Hakuolewa. Alipenda muziki, akajifunza hata kuunda fidla kwa mikono yake. Alifariki tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na miaka 65.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu mtoto akizaliwa, sisi akina baba tunauliza ni wa kike au wa kiume na ana kilo ngapi, kisha tunapiga simu kwa jamaa. Tuulize pia alama zake. Kuanzia 7 kwa kawaida ni nzuri. Zikiwa chini ya hapo, tuulize amesaidiwa vipi na anaendeleaje. Alama hizo si kipimo cha akili, na asiyepumua hasubiri dakika itimie, husaidiwa papo hapo. Ndiyo maana tumwache mkunga amalize kazi yake, kisha ndipo tumuadhinie.

Na mzazi naye asisahaulike. Mtoto akishalia, watu wote humkimbilia yeye, na mama hubaki kitandani akivuja damu bila mtu kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 wakiangaliwa, kisha waonekane tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku 7 na 14, na wiki ya sita. Wengi wetu tunataka kuwarudisha nyumbani jioni ile ile kwa sababu uji na maji ya moto viko tayari. Uji utangoja. Arubaini ni ada nzuri ya kumpumzisha mzazi, lakini isiwe sababu ya kumfungia ndani na homa au kichwa kinachomuuma mfululizo.

Bi Virginia alifungiwa mlango mmoja baada ya mwengine, akaishia kwenye chumba ambacho wakubwa hawakukigombea. Humo alimwangalia kiumbe ambaye wenzake walishamkatia tamaa, akamhesabia pumzi. Wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Nasi tukienda wadini, tuangalie wote wawili.