Adolf Stolz, mkusanyaji wa okidi za milima ya Ziwa Nyasa

Katika misitu yenye ukungu kuna okidi ndogo zinazoota kwenye magome ya miti. Wataalamu huziita Stolzia, kutokana na jina la Adolf Stolz, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1871 na kufanya kazi na misheni ya Moravian huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Stolz alizunguka milima ya Rungwe akichuma mimea. Aliikausha, akaandika ilikotoka, kisha akaituma Berlin. Mwaka 1915 mtaalamu Rudolf Schlechter alizieleza okidi hizo kisayansi, nyingi kwa mara ya kwanza. Stolz alifariki mwaka 1917. Mwaka 1943 mabomu yaliunguza hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, na vielelezo vingi vya okidi vikateketea. Nakala zilizotumwa kwingine zilisalia.

Leo hatari iko milimani kwenyewe. Okidi za ardhini huwa na viazi vidogo chini ya udongo. Zambia hupondwa, vikachanganywa na unga wa karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Malawi hukiita chinaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa hadi viazi milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka.

Ukichimba kiazi, umeua mmea. Mbegu zake ni laini kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni, na mche huchukua miaka kukua. Ndiyo maana wachimbaji huhama bonde hadi bonde, kwa kuwa walikotoka hakuna kilichobaki.

Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili ya maua yake.

Lakini okidi nyingi ziko nje ya hifadhi, kwenye nyasi za vijiji. Mnunuzi akifika kwenu Mbinga au Nyasa akitaka viazi hivyo, muulizeni kibali, na mjulisheni afisa maliasili wa wilaya kabla jembe halijaingia ardhini.