Kamishna Aliyetembea Usiku

Jina la Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, si geni katika sehemu zetu hizi. Alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, mara tu baada ya kuondoka madarakani, akawinda miezi kadhaa katika nchi ya Kenya, kisha akavuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, akapita Kampala na kuufuata mto Nile hadi Gondokoro mwanzoni mwa mwaka 1910. Ndiyo maana watu wa kwetu humtaja kwa bunduki yake na kwa wanyama aliowaua, nao walikuwa wengi kupita kiasi. Leo tunauacha uwindaji huo kando. Tunapenda kuwasimulia askari wetu, wa jeshi na wa polisi, habari za miaka miwili ambayo mtu huyu alikuwa kamishna wa polisi katika jiji alikozaliwa, yaani New York.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1858 katika nyumba ya kitajiri, akasumbuliwa sana na pumu utotoni, akasoma Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1880. Hakuwa bado na miaka 24 alipoingia katika Bunge la jimbo la New York. Mwaka 1884, mwaka ambao mkewe na mama yake walifariki siku moja, aliongoza kamati ya Bunge iliyochunguza idara za serikali ya jiji. Baadaye, tangu mwaka 1889, alikuwa mjumbe wa tume ya utumishi wa serikali mjini Washington, akipigana na desturi ya kugawa kazi za umma kama zawadi kwa marafiki wa chama.

Huku nyuma, polisi wa New York walikuwa wameoza. Mwaka 1892 mchungaji mmoja, Charles Parkhurst, alianza kuwashutumu hadharani kutoka mimbarini, na mwaka 1894 Seneti ya jimbo ikaunda kamati chini ya Clarence Lexow kulichunguza jambo hilo. Mashahidi walieleza mambo ya kutisha. Kuajiriwa konstebo kulikuwa na bei, yapata dola 300. Kapteni Timothy Creeden, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na mtu aliyesifiwa kwa ushujaa, alikiri kwamba alilazimika kutafutiwa dola 15,000 ili apate cheo hicho. Tuitafakari hesabu hiyo kidogo. Mtu aliyenunua cheo kwa fedha za mkopo atazirudishaje, ikiwa mshahara wake haufiki hata robo ya deni kwa mwaka? Atazirudisha kutoka kwa wenye vilabu vya pombe, wenye nyumba za kamari na za ukahaba, na hata wachuuzi wadogo waliopanga bidhaa zao kando ya njia. Mrungura haukuwa tena kosa la askari huyu au yule. Ulikuwa ndio utaratibu wenyewe wa kazi.

Meya mpya, William Strong, aliteua bodi mpya ya makamishna wanne, wawili kutoka kila chama kikubwa. Roosevelt aliapishwa mwezi Mei 1895 na wenzake wakamchagua awe mwenyekiti. Katika majuma machache Mkuu wa Polisi, Thomas Byrnes, mpelelezi mashuhuri ambaye utajiri wake ulizidi mbali mshahara wake, alistaafu.

Bodi hiyo ndiyo iliyoajiri, ndiyo iliyopandisha vyeo, na ndiyo iliyokaa kama mahakama ya nidhamu. Askari aliyeshtakiwa alisomewa shtaka lake, mashahidi wakaitwa, naye akajitetea. Waombaji wa kazi walifanyiwa mtihani wa akili na wa mwili bila kuulizwa chama chao, na kwa njia hiyo waliingizwa askari wapya wapatao 1,600. Yakaanzishwa pia mafunzo ya kulenga shabaha kwa bastola na kikosi cha doria cha baiskeli.

Lakini lililompa umaarufu ni matembezi yake ya usiku. Mwezi Juni 1895 alianza kutoka baada ya saa sita za usiku, kofia imeshushwa usoni, mara nyingi pamoja na mwandishi wa magazeti Jacob Riis, aliyezijua vyema njia za mitaa ya maskini. Alipita lindo hata lindo akiwatafuta askari waliopaswa kuwapo. Wengine hawakuonekana kabisa. Wengine walikuwa wakipiga soga, na wengine walikuwa usingizini. Waliosumbuliwa na mgeni huyu mwenye miwani na meno makubwa walimjibu kwa ukali, wasijue ni nani. Asubuhi yake waliitwa ofisini. Safari ya kwanza aliwaonya tu. Na askari aliyekutwa mahali pake akifanya kazi yake alisifiwa, jambo ambalo wakubwa wengi husahau.

Lilipofika suala la pombe mambo yakawa magumu. Sheria ilikataza kuuza pombe siku ya Jumapili, na kwa miaka mingi polisi waliitumia kama kitega uchumi: mwenye kilabu aliyelipa alifungua, asiyelipa alishtakiwa. Roosevelt aliamua kila kilabu kifungwe. Hakuwa adui wa pombe; aliona kwamba sheria inayotekelezwa kwa kuchagua ndiyo mzizi wa rushwa. Katika hilo tunakubaliana naye. Hata hivyo mfanyakazi aliyekuwa na Jumapili peke yake ya kupumzika alijiona ameonewa, kwani matajiri waliendelea kunywa katika klabu zao za faragha. Mwezi Novemba 1895 kundi la kisiasa la Tammany Hall, ambalo polisi wa zamani walikuwa wamelitegemea, lilishinda tena katika uchaguzi wa jiji.

Bodi nayo ilipasuka kutoka ndani. Kamishna Andrew Parker, akishirikiana na mkuu mpya wa polisi, alizuia upandishaji vyeo, na katika bodi ya watu wanne hapakuwa na wa tano wa kuamua. Meya alitaka kumwondoa Parker, lakini sheria ilidai kibali cha Gavana, nacho hakikupatikana. Mwezi Aprili 1897 Roosevelt alikwenda Washington kufanya kazi katika Wizara ya Majeshi ya Maji. Mwaka 1898 Tammany ilirudi kutawala jiji, na William Devery, aliyekuwa amewahi kufukuzwa kwa tuhuma za rushwa kisha akarudishwa na mahakama, akawa Mkuu wa Polisi. Ilichukua hadi mwaka 1959 kwa serikali ya jiji kuunda Bodi ya Maadili ya watumishi wake.

Sasa linafuata jambo ambalo wenye kumsifu hulipita haraka. Roosevelt alikuwa Rais tangu mwaka 1901, na usiku wa tarehe 13 Agosti 1906 risasi zilipigwa mjini Brownsville, Texas, mtu mmoja akafa. Wenyeji waliwatuhumu askari weusi wa Kikosi cha 25 cha miguu. Maofisa wao weupe walishuhudia kwamba askari walikuwa kambini. Kwa kuwa hakuna aliyemtaja mwenzake, Rais aliamuru askari 167 wafukuzwe jeshini bila heshima, bila pensheni, na bila kushtakiwa mbele ya mahakama yoyote. Wamo waliokuwa wametumikia zaidi ya miaka 20. Haki ile aliyompa konstebo mlevi wa New York, ya kusikilizwa kwanza, hawa hawakuipata, na mara hii hapakuwa na bodi iliyokaa naye mezani kumkatalia.

Roosevelt alifariki tarehe 6 Januari 1919 bila kuifuta amri ile. Jeshi la Marekani liliifuta mwaka 1972. Wakati huo alikuwa amebaki hai mmoja tu kati ya waliokuwa hawajapata kurudishwa kazini, Dorsie Willis wa Minneapolis, mzee wa zaidi ya miaka 80, ambaye kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kufagia na kung'arisha viatu katika duka la kinyozi. Alilipwa dola 25,000.